Tovuti Yenye Mlango wa Hodi

Sogea hapa karibu yangu, maana haya siwaelezi watu wote. Wewe nakueleza kwa sababu nakujua: ukinicheka utanicheka mbele yangu, halafu utanisaidia kupepeta mchele. Wengine wananicheka wakishafika kisimani.

Mie ndiye yule mama wa Kilindoni, hapa kisiwani Mafia, anayetengeneza tovuti. Ukisikia hivyo utadhani nina ofisi. Nina meza ya cherehani, na cherehani nimeihamishia sakafuni. Tovuti ninazozitunza ni ya kina mama wasuka mikeka, ya madrasa ya mtaani kwetu, ya nahodha mmoja anayepeleka watu kuogelea na papa potwe, wale wakubwa wasiouma, na ya wifi yangu, dada wa mume wangu, mwenye nyumba ya kulala wageni hapo jirani Miburani. Kwa miaka mingi tovuti zote hizo zilipata watu wachache kuliko matanga ya mtu asiyependwa.

Shule niliachia darasa la saba. Nikaolewa, nikazaa, na mtoto wa tatu akiwa mgongoni nikarudi darasani kwenye masomo ya jioni. Wifi yangu huyo ndiye aliyekuwa anabaki na wale wawili wakubwa ili mie niende. Huko ndiko nilikoijua kompyuta. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa bara, mpole, na kwa kuwa umeme ulikuwa unatukimbia alitufundisha kuandika ukurasa wa tovuti kwa chaki ubaoni. Alisema kila alama unayoifungua lazima uifunge, usipoifunga ukurasa mzima unaharibika. Nikasema moyoni, hii mbona ni kama dini kabisa. Nikaipenda hapo hapo, na mtoto akanikojolea mgongoni hapo hapo.

Miaka hiyo hifadhi ya bahari ilikuwa imeshatuzoesha wageni. Walikuwa wanapita Kilindoni na mabegi yao wanaelekea Utende kwenye hoteli, na kila mwenye chumba cha ziada akawa anajiuliza kwa nini wasilale kwake. Jibu lililokuwa linazunguka mtaani ni kwamba lazima uwe na websaiti. Na mwenye kujua websaiti, Mungu anisamehe, nilikuwa mie.

Shida ya kazi hii ni mitindo. Unayajua madera? Dera linatoka Dar likiwa jipya, linafika Kilindoni wenzetu huko wameshaligeuza la kufanyia usafi, na sisi ndiyo kwanza tunalivalia harusini. Mitindo ya tovuti nayo ilinifikia vivyo hivyo. Wenzangu duniani walipoacha maandishi yanayotembea kwenye kioo, mie ndiyo nilikuwa nayaanza. Tovuti ya wasuka mikeka maandishi yalitembea mpaka mwenyekiti wao akasema yanampa kizunguzungu kuliko bahari ya Julai. Tena kina mama wale walikataa kupigwa picha za sura, kwa hiyo niliweka mikono tu. Ukifungua ukurasa unakuta mikono imejaa, na chini maandishi yanapita mbio kama yanaikimbia.

Halafu ukaja mtindo wa sauti. Nikaweka kaswida kwenye tovuti ya madrasa, ukiifungua tu inaimba. Ofisa mmoja wa uvuvi akaifungua kikaoni, wenzake wanajadili matundu ya nyavu, dufu likaanza. Alitafuta pa kuizimia hakupaona, kwa sababu sikuweka. Niliona kuizima kaswida katikati si adabu.

Ukaja na mtindo wa kuficha menyu ndani ya vistari vitatu pembeni. Nahodha alikuja kwangu amekunja uso.

"Mama, safari zangu zimekwenda wapi?"

"Zimo ndani ya vistari, baba."

"Vistari gani?"

"Hivyo hapo juu. Mgeni anavibonyeza, menyu inatoka."

"Nani kamwambia abonyeze?"

"Ndiyo mtindo wa sasa."

Akavitazama vile vistari kama mtu anayetazama samaki asiyemjua jina. "Haya," akasema, "nami kesho nitaificha mashua, wageni wabonyeze maji."

Sasa nikupeleke Miburani. Nyumba ya wifi ina vyumba vinne na kibaraza. Aliijenga na marehemu mumewe, yeye mwenyewe akimwagilia matofali maji asubuhi kabla ya kwenda shamba. Mume alipofariki nyumba ndiyo ikawa kazi yake, na kusema kweli ndiyo ikawa mwenzake wa kuzungumza naye. Ila wageni walikuwa haba, na mwanawe wa kiume aliyeko Mbagala alikuwa hachoki kumwita akakae naye. Siku moja tunatoka darsani, akaniambia kwa utulivu kabisa:

"Wifi, mie msimu huu wa potwe ndio wa mwisho. Ukipita nyumba haijapata watu, nafunga, nakwenda kwa mwanangu."

"Utafanya nini Mbagala?"

"Nitakaa kwenye kochi la sebuleni. Nitaangalia tamthilia za watu wanaolia."

Nilijua anavyochukia vilio vya televisheni. Nilijua pia kwamba yeye akiondoka, mie sina mtu wa kwenda naye darsani, wala wa kuniambia ukweli nikiupika wali bokoboko. Nikamwambia, "Hufungi kitu. Nakutengenezea tovuti ambayo haijapata kuonekana kisiwa hiki." Hilo nililitimiza. Haikuonekana.

Wifi alikuwa na sharti moja tu. Alikuwa ameonyeshwa tovuti ya nyumba nyingine, na ukiifungua unakutana na kitanda.

"Mara moja kitanda?" akaniuliza. "Mtu hajanisalimu, hajajua jina langu, keshafika kitandani? Kwangu mie wapige hodi kwanza. Wasiingie kama kuku."

Na mie wakati huo nilikuwa nimeona kwa watu wa nje mtindo wa ukurasa wa mbele wenye picha moja kubwa na kitufe kimoja cha kuingilia. Nikaona mtindo na adabu vimekutana, hii si bure, hii ni ishara. Nikaswali rakaa mbili na nikaanza kazi.

Nikaupiga picha mlango wa wifi, ule wa bluu, ukajaa kioo kizima, na kandambili zake zikiwa kizingitini. Katikati nikaweka kitufe kimeandikwa Hodi, na chini yake Kiingereza changu cha masomo ya jioni. Kama tulivyofunzwa, ruhusa huombwa mara tatu. Basi ukibonyeza mara ya kwanza, maandishi yanatokea: "Nani mwenzangu?" Ukibonyeza ya pili: "Ngoja kidogo, navaa ushungi." Ya tatu, mlango unafunguka wenyewe. Ule ufungukaji ulikuwa video, tena na mlio wa bawaba, kwa kuwa bawaba zilikuwa zinalia na sikutaka kudanganya watu.

Nilipoujaribu kwenye laptopu yangu ulifunguka mwanana kama mlango wa peponi. Nikamwita wifi akaja kuubonyeza. Akasoma ile ya ushungi, akacheka mpaka akakaa chini.

"Hii ndiyo nyumba yangu kweli," akasema. "Hata mie nikiwa mgeni nalala hapa."

Nikamwita na mume wangu. Yeye anatengeneza injini za mashua, mikono ina mafuta siku zote, nikambonyezea mie.

"Mzuri," akasema. "Na mtu akitaka kujua kama kuna maji bafuni?"

"Ataingia ataona."

"Haya."

Haya ya mume wangu ina maana nyingi, na sikuwa na nafasi ya kuzichambua. Nikaipeleka tovuti hewani kwa bismillah.

Potwe wakafika. Asubuhi ufukwe wa Kilindoni unajaa watu wenye miwani ya kuogelea kichwani, mashua zinatoka na kurudi. Miburani ni hapo hapo jirani, na wifi akawa anakaa kibarazani amevaa vizuri, shuka zimetandikwa, vyandarua vimefungwa. Hakuja mtu. Wakapita. Kuna siku mgeni mmoja wa Kizungu aliingia uani, wifi akainuka na tabasamu lake lote, kumbe anaomba kuonyeshwa njia ya kurudi ufukweni.

Mie nikawa nachungulia hesabu za tovuti kila baada ya swala. Hesabu hizo zinakuonyesha watu waliofika na mahali walipoishia. Watu walikuwa wanafika, alhamdulillahi, na wote walikuwa wanaishia mlangoni. Mwenye akili angejiuliza mlango una nini. Mie nikajiuliza rangi. Nikasoma mahali kwamba mtindo wa sasa ni kurasa nyeusi, nikaupaka ukurasa weusi kuuzunguka ule mlango. Wifi akautazama kwenye laptopu yangu.

"Nyumba yangu ina msiba?"

Nikaurudisha mweupe. Nikabadilisha herufi. Nikasoma kwamba watu wanapenda vitu viende kwa madaha, nikaupunguza mwendo mlango, ukawa unafunguka kama unafunguliwa na mtu aliyetoka kuumwa. Nikachukua picha safi zaidi, na picha safi zaidi ni nzito zaidi, lakini kwenye laptopu yangu zote zilikuwa mle mle ndani, hazikuwa zimesafiri kutoka popote. Jioni mume wangu akirudi kazini ananiuliza kabla hata hajanawa:

"Leo umefunguka?"

"Unafunguka kila siku."

"Kwa nani?"

Nikamwekea chakula.

Wifi hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonitesa. Alianza tu kugawa vitu. Kuku akawapa majirani. Mie akaniletea kinu chake cha kutwangia, kile kizito, amekibeba mwenyewe kichwani kutoka Miburani. Akakiweka uani kwangu, akasema, "Mbagala watu wana mashine." Kisha akasema ameshaulizia boti ya Nyamisati, ya kuvukia bara. Nilikitazama kile kinu nikakosa pa kukiweka. Usiku na mchana nikawa nakipitia kando kama nakiogopa.

Wiki hiyo binti yangu mdogo akaumwa sikio, nikampeleka zahanati. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mgeni, binti wa Singida, amehamishiwa kwetu siku si nyingi. Mpole, ana mikono ya baridi, mtoto akamkubali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kisiwa unakionaje?"

"Kizuri mama. Nikishapata pa kukaa kitakuwa kizuri zaidi."

"Sasa unakaa wapi?"

"Nimejibana kwa mwenzangu. Nalala chumba kimoja na magunia ya nazi. Ukigeuka, nazi nazo zinageuka."

Nikajiweka sawa kwenye benchi, nikavuta ushungi, kama mtu anayejiandaa kutoa habari njema. "Mbona Miburani kuna nyumba nzuri ya kulala wageni. Hukuitafuta?"

"Niliiona kwenye simu kabla sijavuka," akasema, huku anamulika sikio la mtoto. "Lakini yule mama mwenye nyumba ana maringo."

"Nani?"

"Mwenyewe. Nilipiga hodi."

"Ulifika?"

"Hapana, hapo hapo kwenye simu. Kuna mlango wa bluu. Nikapiga hodi, kimya. Nikapiga ya pili, kimya. Nikapiga ya tatu. Na kandambili naziona zipo hapo mlangoni, yaani mtu yumo ndani ananisikia. Nikasema basi, hataki watu. Sisi kwetu ukipiga hodi tatu usijibiwe, unaondoka. Ukiendelea utaonekana mwizi."

Nilimwomba ile simu. Nilimwambia nataka kuona kitu. Akaufungua ukurasa, na kwa mara ya kwanza nikaiona kazi yangu kwenye simu ya mtu mwingine, kwa mtandao wa kawaida wa kisiwani. Nusu ya juu ya mlango haikuwa imefika bado. Ilikuwepo nusu ya chini, kizingiti, na kandambili za wifi zimepangwa vizuri. Nikabonyeza Hodi. Kitufe hakikutikisika, kwa sababu nilikuwa nimekiagiza kisijibu mpaka ile video nzima ishuke, na ile video ilikuwa bado iko baharini huko inakuja. Nikabonyeza tena. Na tena. Mtoto wangu akaniuliza, "Mama, shangazi hayupo?"

Nikamrudishia yule binti simu. "Mlango ule nimeutengeneza mie," nikasema.

Akanitazama, akaona haya, akainamia dawa zake. "Ni mzuri lakini, mama. Rangi yake."

Nilitoka pale na chupa ya dawa ya sikio, na badala ya kwenda nyumbani nikakata kwenda Miburani moja kwa moja, mtoto nyuma yangu analalamika njaa. Wifi nilimkuta anakunja mapazia. Nikamwambia kila kitu, sikupunguza. Nilipofika kwenye maringo, akaacha pazia.

"Kasema nani ana maringo?"

"Wewe."

"Mie? Mie ninayeshinda hapa na shuka zimetandikwa mpaka zinapata vumbi?"

"Kaziona kandambili. Kajua umo ndani."

"Na nilikuwemo!" Akakaa kitandani. "Nilikuwemo, wifi. Kwa hiyo watu wote hao waliopita wanakwenda kusema, kuna bibi Miburani, anasikia hodi ananyamaza?"

Ndivyo ilivyokuwa.

"Utoe mlango."

"Wewe mwenyewe ulisema wapige hodi."

"Nilisema wapige hodi. Sikusema wasijibiwe." Akalichukua lile pazia akaanza kulirudisha dirishani. "Siendi Mbagala na jina la maringo. Nikikaa kwenye kochi la mwanangu nitakuwa nawaza hilo tu. Kwanza huyo binti aje, ale kwangu, aone kama nina maringo. Mengine baadaye."

Basi alasiri ile, baada ya swala, nikakaa kwenye meza ya cherehani nikabomoa. Nikaung'oa mlango, na nikuambie ukweli, nilisikia uchungu kama nimeung'oa kwa mikono. Ushungi nikaufuta. Mlio wa bawaba nikaufuta. Hata vistari vitatu nilivyokuwa nimevificha nyuma ya mlango nikavitoa, menyu ikatoka nje ikapigwa na jua. Nikaandika kwa herufi nyeusi kwenye ukurasa mweupe: nyumba iko Miburani, karibu na Kilindoni, vyumba vinne, chandarua kila kitanda, maji bafuni yapo, chai ya asubuhi na vitumbua, mwenyeji yupo, piga simu. Namba nikaiweka juu kabisa. Picha moja, ndogo, ya wifi mwenyewe kibarazani amejitanda vizuri anamwangalia mtu. Alikubali ipigwe, na yeye hapendi picha, kwa sababu ya lile neno la maringo.

Ulikuwa ni ukurasa uleule wa chaki tuliofundishwa mwanzo kabisa. Miaka yote ya kukimbilia mitindo, nimezunguka nikarudi ubaoni. Nikamtuma mtoto akaazime simu ya jirani, ile mbovu yenye kioo kilichopasuka, nikaufungua. Ukafunguka kabla sijamaliza kusema bismillah.

Kesho yake yule muuguzi akapiga simu, na kabla hajamaliza salamu wifi akawa ameshamwambia chumba ni chake. Alipofika na begi lake, wifi alikuwa amesimama njiani nje kabisa ya ua anamsubiri, na akamkaribisha kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili.

"Shikamoo mama," binti akasema, ameona haya.

"Marahaba, marahaba, marahaba mwanangu. Unanisikia ninavyojibu?"

Watu wawili wakacheka pale, na mie nyuma yao nimembebea begi. Baada ya wiki akamleta mwenzake, mwalimu wa sekondari. Mwalimu akamwambia bwana samaki, ofisa wa uvuvi aliyehamishiwa kutoka bara. Wakaguzi wakija wilayani wanaulizana wapi pana maji na chai ya mapema, wanaoneshana ule ukurasa. Wazungu wanaendelea kupita kwenda zao Utende, na wifi amewasamehe. Mie nilikuwa nimewatengenezea watu wa mbali wenye kompyuta kubwa, na waliokuwa wanahangaika kutafuta pa kulala ni watumishi wa bara wenye simu kama ile ya jirani.

Msimu ulipita. Mbagala wifi alikwenda, akasalimia, akarudi na boti ya wiki ileile, analalamika kwamba kochi linazama katikati. Sasa anagombana na mwalimu juu ya ugali na wali, na ninavyomjua, hiyo ndiyo afya yake.

Nami usidhani nimetulia. Juzi nimeona kwenye mtandao wanasema mtindo wa sasa ni ukurasa mtupu, mweupe, herufi kubwa, usio na mapambo. Nikampelekea mume wangu laptopu nikamwonyesha: kwa mara ya kwanza Mafia imewahi mtindo kabla ya Dar. Akasoma, akasema, "Haya." Kisha akasema, "Usiguse." Sijagusa. Nimejaribu tu kubadilisha rangi ya namba ya simu, na nimeirudisha.

Sasa nina ombi kwako, na si dogo. Bwana samaki amehamishwa tena, chumba chake kimebaki kitupu, na wifi akiwa na chumba kitupu mwanawe huanza kupiga simu. Kisa hiki usikae nacho peke yako. Mpe mwenzio kazini, msomee shemeji yako mwalimu, mtumie yeyote unayesikia amepangiwa Mafia na analia kwamba hajui atalala wapi. Cheka naye juu yangu, ruhusa nimekupa. Ila ukishamaliza kucheka, mwambie Miburani kuna mama anayeitika.